Pimeni makohozi yetu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya

Kwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa maabara, wasimamizi wa mifuko ya bima, na wote mnaoamua fedha za matibabu ziende wapi.

Waheshimiwa,

Ninaishi na ugonjwa wa mapafu usiopona, na ndani ya mapafu hayo anaishi bakteria ambaye hakuna dawa iliyoweza kumwondoa. Siandiki kuomba huruma. Naandika kwa sababu hospitali nyingi zimepangwa kumhudumia mtu aliyeugua, akatibiwa, akapona, na mambo yakaishia hapo. Sisi hatumo katika mpango huo. Kila tunapozidiwa tunapokelewa kama wagonjwa wapya, tunaandikiwa dawa ya kubahatisha, tunarudi nyumbani, na baada ya muda mfupi tuko tena kwenye benchi lilelile. Nataka mwelewe kwa nini kubahatisha huko kunatumaliza, na kwa nini ombi langu la kwanza si mashine kubwa wala jengo jipya. Naomba kikopo cha makohozi kifike maabara, na majibu yake yamfikie anayeandika dawa.

Ugonjwa wangu unaitwa bronkiektasisi. Mirija inayopitisha hewa mapafuni imetanuka na kulegea, wala haitarudi ilivyokuwa. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, vinyweleo vidogo vilivyotanda ndani ya mirija husukuma ute kwenda juu usiku na mchana bila yeye kujua. Kwangu kazi hiyo imeshindikana, ute unatuama, na ute uliotuama ndio makazi anayoyatafuta bakteria. Mwili hutuma seli nyeupe za damu zikapambane naye. Seli hizo humwaga vimeng'enya vya kumuua, lakini vimeng'enya hivyohivyo hula kuta za mirija. Mirija ikazidi kutanuka, ute ukazidi kutuama, bakteria wakazidi. Daktari Peter Cole ndiye aliyeueleza mzunguko huu katika miaka ya 1980, na mpaka leo karibu kila tiba tunayopewa ni jaribio la kuukata mahali fulani.

Watu hufika hapa kwa njia nyingi. Kuna waliopata nimonia kali au kifaduro utotoni. Kuna waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu, na hawa ni wengi kuliko takwimu zinavyowahesabu, kwa sababu siku mgonjwa anapomaliza dozi jina lake linafungwa kwenye daftari kana kwamba mapafu yake nayo yamerudi salama. Kuna wenye upungufu wa kinga, wenye sistiki fibrosisi waliyoirithi, wenye pumu kali, wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa uliotokana na sigara au moshi wa jikoni. Na kuna wengi ambao chanzo chao hakijulikani kabisa.

Sasa niwaeleze kuhusu mpangaji wangu, Pseudomonas aeruginosa. Ni bakteria wa kawaida tu, anaishi kwenye maji, kwenye udongo, kwenye masinki na mabomba. Mtu mwenye mapafu mazima humvuta na hewa na asijue. Akiingia kwenye mirija iliyoharibika, anabadilika. Anapunguza mwendo, anajijengea utando mzito wa ute, anaishi ndani yake kwa makundi. Seli za kinga hazimfikii vizuri, na dawa ikipenya hupenya kidogo. Baadhi ya bakteria ndani ya utando huo hupunguza shughuli zao mpaka dawa zinazoua bakteria wanaokua zinawapita. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wagonjwa wa bronkiektasisi wenye bakteria huyu wana hatari ya kufa karibu mara 3 ya wale wasio naye, na hatari ya kulazwa inayokaribia mara 7. Kwa maneno mengine, kujua kama mgonjwa anaye au hana ni miongoni mwa mambo muhimu kuliko yote ambayo daktari anaweza kuyajua kuhusu mapafu hayo. Na ndilo jambo ambalo mara nyingi halijulikani, kwa sababu hakuna aliyepima.

Amoksilini haimuui. Doksisaiklini haimuui. Hata seftriaksoni, sindano inayoaminiwa wodini kuliko zote, kwa bakteria huyu haina kazi. Usugu wake dhidi ya dawa hizi ni wa asili, hakuupata kwa kukutana nazo. Dawa za vidonge zinazoweza kumgusa ni za kundi moja tu, la siprofloksasini, nazo zina madhara yake kwenye kano na mishipa ya fahamu, na zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea. Nje ya hizo zinabaki dawa za dripu kama seftazidimu na meropenemu, au za kuvuta kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, kama kolistini na tobramaisini. Kwa hiyo mgonjwa anapoandikiwa amoksilini ya siku 5, akarudi akaandikiwa nyingine yenye jina tofauti lakini udhaifu uleule, akarudi tena akachomwa seftriaksoni, amepoteza wiki kadhaa akimeza na kuchomwa kitu kisichomhusu. Katika wiki hizo kuta za mirija zinaendelea kuliwa. Mimi nimepitishwa njia hiyo, na nimeketi kliniki na wengine waliopitishwa njia hiyohiyo. Mara nyingi aliyetuhudumia hakuwa mzembe. Alikuwa na foleni ndefu mlangoni, hakuwa na majibu ya maabara, wala hakuwa na rekodi ya nyuma ya kumwambia ni nani anaishi katika kifua kile.

Kuna jambo moja linaloniuma kuliko yote. Bakteria huyu anapopatikana kwa mara ya kwanza, kabla hajajenga utando, anaweza kung'olewa. Miongozo ya madaktari wa mapafu wa Ulaya ya mwaka 2017 inashauri ajaribiwe kuondolewa mara tu anapoonekana: kwa mfano siprofloksasini kwa wiki 2, kisha dawa ya kuvuta kwa miezi kadhaa. Haifanikiwi kwa kila mtu, lakini inawezekana, na nafasi hiyo haidumu. Ili kuipata, lazima makohozi ya mgonjwa yawe yanapimwa hata anapokuwa ametulia, angalau mara moja kwa mwaka, na kila anapozidiwa, kabla ya kidonge cha kwanza. Ambaye hapimwi mpaka awe mahututi hugunduliwa wakati bakteria ameshakuwa mwenyeji. Ni wangapi kati yetu nafasi yao ilipita hivyo, hakuna anayeweza kusema, na kutoweza kusema kwenyewe ni sehemu ya malalamiko yangu.

Kipimo chenyewe hakihitaji miujiza. Kinahitaji kikopo kisafi chenye mfuniko, makohozi yaliyotoka kifuani badala ya mate ya mdomoni, na mtu wa kumweleza mgonjwa tofauti hiyo kwa upole, maana sampuli iliyojaa mate hutupwa. Kinahitaji sampuli ifike maabara ndani ya saa chache, au ikae kwenye jokofu ikichelewa, kwa sababu ikishinda dirishani kwenye joto bakteria wa mdomoni huzaliana na kuficha yule tunayemtafuta. Kinahitaji sahani za kuoteshea, mtaalamu anayejua anachotafuta, na siku 2 au 3 za kusubiri. Mahali pengi hivi vyote vipo. Kinachokosekana ni utaratibu: nani anampa mgonjwa kikopo, nani anakipokea asubuhi bila kumlazimisha kupanga foleni ya daktari kwanza, nani anapiga simu majibu yakitoka. Hayo hayaamuliwi na daktari wa zamu. Yanaamuliwa na ninyi.

Sitawadanganya kwamba kuotesha makohozi kunamaliza kila kitu. Wakati mwingine dawa inayoua bakteria vizuri kwenye sahani ya maabara haimfikii ndani ya utando kifuani, na wakati mwingine mgonjwa hupata nafuu kwa dawa ambayo maabara iliikataa. Madaktari wa mapafu wanalijua hilo na huyapima majibu kwa kumtazama mgonjwa pia. Lakini kati ya taarifa isiyokamilika na kutokuwa na taarifa yoyote, sioni mtu mwenye busara angechagua la pili.

Wapo watakaosema kwamba kutupa sisi antibiotiki za muda mrefu ni kuchochea usugu wa dawa. Hofu hiyo ni ya haki. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na sisi tunaoishi na maambukizi yasiyoisha tutakuwa kati ya watu wa kwanza kukosa dawa ya kutusaidia. Ndiyo sababu tunaogopa kubahatisha kuliko yeyote. Vidozi vifupi vitano vya dawa isiyofaa vinaweza kuchochea usugu kuliko dozi moja ya siku 14 ya dawa inayomlenga bakteria anayejulikana, na siku 14 ndizo miongozo inazoshauri mgonjwa wa bronkiektasisi anapozidiwa. Vivyo hivyo kwa azithromaisini ya muda mrefu. Majaribio ya kitabibu yameonyesha inaweza kupunguza kuzidiwa kwa karibu nusu kwa wale wanaozidiwa mara kwa mara. Lakini kabla ya kuianza, makohozi lazima yachunguzwe kama hayana mikobakteria wengine, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu lakini si wenyewe, kwa sababu wakitibiwa na azithromaisini peke yake huizoea, na hiyo ndiyo nguzo ya matibabu yao. Moyo nao upimwe, na masikio. Wapo wanaopewa dawa hii bila kupimwa chochote. Wapo pia wanaonyimwa kwa hofu ya jumla bila kupimwa chochote. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja.

Hao mikobakteria wengine wananipeleka kwenye jambo ambalo linawaumiza watu kimyakimya. Chini ya darubini, kwa rangi ile inayotumika kutafuta kifua kikuu, hawatofautiani nacho. Kipimo cha vinasaba kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu Desemba 2010 kinaweza kutenganisha, lakini nacho huweza kuonyesha mabaki ya vijidudu vilivyokufa kwa mtu aliyekwisha kupona. Kwa hiyo mtu mwenye kovu la zamani na kikohozi kisichoisha anaweza kurudishwa kwenye dawa za kifua kikuu, miezi 6 mingine, ini lake likibeba mzigo, jamaa zake wakitenga kikombe chake, na ugonjwa halisi ukiendelea bila kuguswa. Kukohoa hadharani ni kazi ngumu tayari. Watu husogea, hufungua madirisha, mwalimu humhamisha mtoto dawati la mwisho, mwajiri huuliza maswali ambayo hamuulizi mwenye kisukari. Tukipewa na jina la ugonjwa ambao hatuna, tunavuliwa hata haki ya kujieleza. Na anayeugua kifua kikuu kweli naye hastahili kutengwa, lakini hiyo ni barua nyingine.

Niseme kuhusu kuzidiwa kwenyewe, maana wengi wa wanaotupokea hawajui kunavyoonekana. Mara nyingi hakuna homa. Damu inaweza kuonekana sawa, na picha ya eksirei ikawa ileile ya mwaka jana. Hata bronkiektasisi yenyewe eksirei huikosa, inayoionyesha vizuri ni picha ya CT. Kinachobadilika ni makohozi: yanaongezeka, yanakuwa mazito, rangi inahama kutoka weupe kwenda njano au kijani, wakati mwingine yanakuja na damu. Pumzi inakuwa fupi, na uchovu unaingia ambao usingizi hautoi. Wataalamu walikubaliana mwaka 2017 kwamba dalili 3 au zaidi za namna hii zikizidi kwa saa 48, huko ni kuzidiwa na matibabu yabadilike. Mgonjwa anayezijua dalili zake huwa ameshatambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha anafika mapokezi na kuambiwa hana homa, asubiri. Tunaomba kadi moja tu, ya karatasi au ya kwenye simu, inayosema: huyu ana bronkiektasisi, bakteria wake ni huyu, dawa iliyomfaa mara ya mwisho ni hii, akija na dalili hizi achukuliwe makohozi na aanzishiwe dawa hii siku hiyohiyo. Kadi hiyo ingeokoa vitanda vyenu kabla ya kutuokoa sisi.

Mtaalamu wa tibaviungo vya kifua ni mtu ambaye wagonjwa wengi wa mapafu hawajawahi kuonana naye. Nilipofundishwa hatimaye namna ya kutoa makohozi, nilishangaa kwamba jambo hilo hufundishwa: kupumua taratibu kwa tumbo, kujaza kifua na kushikilia kidogo, kisha kupuliza kwa nguvu mdomo ukiwa wazi kama anayetaka kutia ukungu kwenye kioo, tena na tena mpaka ute upande. Kabla yake unaweza kuvuta maji ya chumvi kwa nebulaiza ili ute ulainike, na dawa ya kuvuta huja mwisho, kifua kikiwa kimesafishwa, la sivyo inatua juu ya ute na kuishia hapo. Baada ya hapo vifaa vioshwe, vichemshwe, vikaushwe, kwa kuwa nebulaiza yenye unyevu ni nyumba nyingine ya bakteria yuleyule. Asubuhi na jioni, kila siku, ukiwa mzima na ukiwa hoi. Ni kazi ya saa nzima na zaidi kabla siku ya mtu mwingine haijaanza. Mfuko wa bima unaolipia kulazwa lakini ukakataa kulipia mafunzo haya na mashine yake umechagua kulipa gharama kubwa ili kukwepa ndogo, na kati ya gharama hizo mbili yupo mtu aliyezidiwa.

Oksijeni nitaigusa tu. Mwezi Mei 2023 nchi zenu zilipitisha azimio kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Duniani kuhusu upatikanaji wa oksijeni ya tiba. Mgonjwa ambaye mapafu yake yameshindwa kuijaza damu oksijeni anaihitaji nyumbani kwa saa zisizopungua 15 kwa siku. Tumelijua hilo tangu tafiti za mwaka 1980 na 1981. Mashine inayotegemea umeme bila mpango wa siku umeme unapokatika ni nusu ya ahadi.

Mwaka 2025 ulituletea mambo mawili. Mwezi Mei mkutano uleule ulipitisha azimio la kwanza la kushughulikia afya ya mapafu kwa pamoja, magonjwa yote yakitazamwa kama viungo vya mfumo mmoja. Na mwezi Agosti Marekani iliidhinisha brensokatibu, kidonge cha kwanza kabisa kuidhinishwa mahsusi kwa bronkiektasisi. Daktari Mfaransa Laennec aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1819. Kwa zaidi ya miaka 200 tumetumia dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya wengine. Kidonge hiki hakiui bakteria. Kinazuia vile vimeng'enya vya seli nyeupe visiamke kikamilifu, na katika jaribio lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 1,700 kilipunguza kuzidiwa kwa karibu sehemu moja ya tano ukikilinganisha na kidonge tupu, yaani takriban asilimia 20. Nawasihi muanze mazungumzo ya bei mapema, mkiwa pamoja, kabla hakijawa dawa ya wachache. Lakini nawasihi pia msikitumie kama kisingizio cha kuruka ngazi za chini. Mgonjwa asiyejulikana ana bakteria gani, asiyefundishwa kutoa makohozi, asiyewahi kupigwa picha ya CT, hatafikiwa na kidonge hicho kwa sababu hata jina la ugonjwa wake halijaandikwa popote.

Kwa hiyo naomba mfanye jambo moja kabla ya bajeti ijayo. Shukeni maabara, muulize: mwezi uliopita, kati ya makohozi yote yaliyoletwa, ni mangapi yaliyooteshwa kutafuta bakteria wasio wa kifua kikuu? Majibu mangapi yalimfikia daktari kabla mgonjwa hajamaliza dawa aliyopewa? Kisha nendeni kliniki ya kifua, muulize ni wagonjwa wangapi wana jina la bakteria wao kwenye faili. Andikeni namba hizo, hata zikiwa sifuri, muzitangaze hadharani, mseme ni nani atawajibika kuzibadilisha na lini.

Wenu,
Mgonjwa wa mapafu